Mikono Mitatu ya Chokaa

Rangi tuliyoipaka kwa fedha za kuchangishana ilistahimili masika mawili. Masika ya tatu yalipoingia, ukuta wa mbele ukavimba malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto, na jua la Juni lilipowaka malengelenge yale yakapasuka, rangi ikaning'inia vipande vipande, vingine vipana kama chapati. Watoto wa mtaa wakagundua kwamba ukishika ncha moja na kuvuta polepole unaweza kubandua utepe mrefu kuliko mkono wako. Wakafanya mashindano. Mimi nilikuwa Dar es Salaam wakati huo. Habari nilizipata kwa picha iliyotumwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na chini ya picha mama mdogo ameandika neno moja tu: "Haya."

Nyumba yenyewe iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zilizopewa namba badala ya majina. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi mrefu katikati unaotoka mlango wa mbele mpaka uwani, na baraza la saruji lililotazama njia. Kuta zake ni miti na udongo uliotomewa kwa mawe, zikapigwa lipu ya chokaa juu yake. Babu aliijenga ikiwa na paa la makuti. Bati lilikuja baadaye, na hilo nalo limeshakula kutu mara mbili. Haina cha kumfanya mtalii asimame. Lakini tumezaliwa humo watu wengi, na harusi zetu zimetokea mlango huo, na maiti zetu pia.

Basi lile neno "Haya" likaamsha mjadala wa wiki nzima kwenye simu. Mjomba alisema dawa ni moja: kubandika marumaru ukuta wote wa mbele, kama nyumba ya yule mfanyabiashara wa barabara ya pili yake, uwe unafutwa kwa kitambaa tu. Binamu mmoja aliyeko Muscat akasema marumaru bila uzio ni kazi bure, kwanza ujengwe ukuta wa tofali, geti la chuma, na taa mbili juu ya nguzo. Fundi akaitwa kupima. Hesabu aliyoileta ilinyamazisha kundi zima kwa siku nne, na mwenye kuvunja kimya alituma salamu za Ijumaa.

Nilipokwenda mwenyewe kuiona, nilimkuta jirani yetu wa tangu utotoni, mzee aliyekuwa fundi mwashi enzi za ujana wake, amekaa barazani kwetu akipunga upepo. Baraza la Ngamiani halina mwenyewe mmoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naona nyumba yenu inavua nguo hadharani."

Nikamweleza habari ya rangi, jina lake na bei yake, kwamba muuzaji alituhakikishia haipitishi maji. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Na hilo ndilo lililowaponza. Mtu amelowa tangu miguuni, mmemvisha koti la mpira. Mlitaka jasho litokee wapi?"

Sikuwa na jibu. Ukuta wa udongo, na hata ule wa mawe ya matumbawe wa miji yetu ya kale, haukai juu ya plastiki na msingi wa zege kama nyumba za leo. Unakunywa unyevu wa ardhi kutoka chini, unapanda nao kiasi, kisha unautoa kupitia ngozi yake. Chokaa inauruhusu utoke. Rangi ya kisasa iliyotengenezwa kuwa kama utando inauzuia, na maji yasiyo na njia hujitengenezea njia. Juu ya hilo, sisi tuliipaka rangi yetu juu ya chokaa kuukuu iliyokuwa ikitoa unga, hatukuikwangua. Rangi haikushikana na ukuta, ilishikana na vumbi. Mafundi wanaohifadhi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, wana kilio hicho hicho kuhusu saruji na rangi za utando juu ya kuta za matumbawe: nje panang'aa, ndani panaoza. Tofauti ni kwamba wao wanalilia majumba ya ghorofa tatu na mimi nalilia vyumba sita.

"Mtume mtoto akalete chokaa," mzee akasema, "na brashi ya katani. Hizo fedha za marumaru nunulieni bati."

*

Jiwe la chokaa, liwe tumbawe la baharini au mwamba wa nchi kavu kama ule wa mapango ya Amboni, ukilichoma kwa moto wa nyuzi 900 hivi linaachia hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Kinachobaki ni jiwe jepesi, jeupe, lenye hasira. Limwagie maji utaona: linachemka bila moto, linapasuka, linatoa mvuke, mwisho linalala likiwa unga laini. Unga huo ukiukoroga na maji zaidi na kuupaka ukutani, unaanza kuvuta hewa ya ukaa kutoka kwenye upepo unaopita mtaani, kidogo kidogo, kwa siku na kwa majuma, mpaka unarudi kuwa jiwe lile lile la mwanzo, ila sasa ni jiwe jembamba kama karatasi lililoshikana na ukuta wako. Nilipolielewa jambo hili, ukubwani kabisa na nimeshaharibu fedha za watu, nilijiona mjinga kwa jinsi nilivyokuwa nikiiita chokaa rangi ya maskini.

Zamani watu wa pwani waliichoma wenyewe. Magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa usiku ukakesha, kisha rundo likaachwa mpaka maji au umande ulivunje. Tanuu hilo tukilitaja leo tunalitaja kwa mahaba, tunasahau kwamba lilikula mikoko na miamba hai ya bahari, na samaki walivunjiwa nyumba zao ili binadamu apendezeshe yake. Sitaki lirudi. Chokaa ya mfuko inayotoka kwenye mwamba wa bara inatosha, na sisi wa Tanga mwamba huo tumejaliwa.

Brashi nayo ni mwenyeji. Au tuseme ni mgeni aliyelowea: mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na katika miche aliyoagiza iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 ikaja mistari ile isiyo na mwisho unayoipita ukitoka Korogwe kuja mjini, na mashamba makubwa, na manamba waliotoka mbali kuja kukata majani yake, na mwisho wa safari hiyo yote ndefu ni kibrashi changu cha katani chenye mpini wa mti, nilichokinunua kwa bei ya soda mbili. Brashi ya nailoni haifai hapa. Chokaa inateleza juu yake.

Mfuko mmoja wa kilo 25 ulinigharimu chini ya nusu ya ndoo moja ya lita 20 ya ile rangi iliyobanduka, na ulitosha mbele na ubavu mmoja, mikono mitatu, ukabaki.

*

Bibi, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema "kupamba nyumba." Alisema "kuiosha uso." Na siku ya kuiosha haikuchaguliwa na mtu, ilikuja na mwezi. Ikiingia Shaabani, kabla watu hawajaanza hata kuulizana watavunja jungu kwa nani, magodoro yalitolewa uwani kuanikwa, mikeka ikasuguliwa kwa sabuni ya kipande, masufuria yakapigwa mchanga na jivu mpaka yakawa kioo, na pipa la chokaa likawekwa chini ya mwarobaini, limefunikwa gunia, likae usiku kucha lilainike. Sisi watoto tulikatazwa kulisogelea. Chokaa ikiingia jichoni si mchezo, hata hii ya mfuko iliyokwisha kuzimwa, na ukitaka kupaka dari bila miwani basi wewe una macho ya akiba.

Asubuhi Bibi alikoroga kwa kijiti cha mkarafuu alichokuja nacho mwenyewe kutoka Pemba alipoolewa, au ndivyo alivyodai. Alitia kikombe cha chumvi ili chokaa isikauke haraka ikatoa unga. (Kwa ukuta wa matumbawe nisingethubutu, una chumvi yake ya kutosha.) Kisha akatia kijiko cha bluu ya kufulia, ile ile ya kung'arishia kanzu za Idi, kwa kuwa nyeupe tupu, alisema, machoni mwa mtu huonekana njano. Halafu kila mtoto alipewa kipande cha ukuta cha kimo chake. Mkubwa alipaka kuanzia kifuani, wa kati kuanzia kiunoni, na mdogo kabisa, ambaye miaka mingi nilikuwa mimi, alipewa ile shubiri mbili ya chini inayogusa baraza, ambapo matope ya mvua hurukia na kuku hujikwaruza. Ndiyo sehemu chafu kuliko zote. Ndiyo pia sehemu pekee ambayo mtu aliyekaa barazani anaiona kwa karibu, jambo nililoligundua baadaye sana.

Mistari yetu ilionekana. Juu kulikuwa na mkono wa kaka, umenyooka. Katikati mkono wa dada, wenye papara. Chini mkono wangu, unaozunguka zunguka kama konokono. Mpita njia aliweza kuhesabu watoto wa nyumba ile kwa kuutazama ukuta.

Na Bibi hakufanya hivyo kwa sababu ya uzuri peke yake. Katika mtaa ambao kila mtu anapaka Shaabani, nyumba isiyopakwa inaulizwa. Je, wana msiba? Wanaumwa? Wamekosana? Nakumbuka mwaka mmoja nyumba ya kona ilipita mpaka mwezi kuandama ikiwa na madoa yale yale ya mvua, na siku ya pili ya mfungo Bibi alimtuma dada na bakuli la futari ya muhogo akatazame hali. Mama wa nyumba ile alikuwa amelala wiki mbili na hakuna aliyejua. Ukuta ndio uliosema.

*

Tuna methali isemayo nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nimeisikia maisha yangu yote na nimeitumia kwenye harusi kuwanyamazisha wanaomsema bi harusi. Pwani yenyewe imeijenga kwa mawe. Nenda Lamu ukatazame nyumba kuu za mji wa kale: upande wa njia ni ukuta mtupu mrefu, madirisha machache, na kitu pekee kinachokupa uso ni mlango na daka lake lenye viti vya mawe viwili. Utajiri wote uko ndani, kwenye zidaka zilizochongwa kwa lipu ya chokaa, safu juu ya safu, ambazo mtu wa njiani hataziona mpaka afe. Ni staha. Ni kumficha aliye nacho asimuumize asiye nacho, na kuficha ya ndani yasisemwe.

Lakini naona methali ile tunaisoma nusu. Lile daka, vile viti viwili vya mawe, vimejengwa nje ya mlango. Mwenye nyumba aliyeficha kila kitu alijikumbusha kujenga mahali pa kukaa mtu ambaye hatamkaribisha ndani. Kwa wengi wanaopita, nyumba yako ni mlango tu; hawana ruhusa ya kufungua wala hawaitaki. Muuza kahawa, mwanafunzi, mgonjwa anayekwenda zahanati kwa miguu: hao uzuri wa zidaka zako hauwahusu. Wao wamepewa futi kumi za ukuta na kivuli cha upenu. Nadhani hizo futi kumi ni zao zaidi kuliko zetu. Sisi tuliomo ndani hatuuoni ukuta wetu wa mbele ila tukitoka.

Ndiyo maana lile wazo la uzio la binamu wa Muscat lilinikaa vibaya, ingawa nilimjibu kwa adabu na alama ya kidole gumba. Tembea mitaa mipya ya Dar es Salaam, au ya Mombasa, au hata huko juu Arusha, uone fedha zilivyotumika. Nyumba nzuri za mamilioni, bati za rangi, vioo, na kitu ambacho mtaa umepewa kukitazama ni ukuta wa tofali usiopigwa hata lipu, umevikwa vipande vya chupa au nyaya kichwani. Fedha ziliishia upande wa ndani. Nawaelewa, wezi wapo. Ila ukuta ule ule, upande wa nje, ungepakwa chokaa mikono miwili kwa bei ya mlo mmoja wa hotelini, na mtaa mzima ungepata mwanga. Hawapaki kwa kuwa hawaoni kwamba kuna mtu upande ule.

Iko pia njia ya bure kabisa. Atakuja kijana mwenye kofia na fomu, atakwambia kampuni itakupakia ukuta wote bila senti, na kweli watapaka, kwa rangi nzuri, siku moja, na jina la mtandao wa simu au la soda litasimama kutoka dirisha hadi dirisha. Duka la mjomba limepakwa hivyo mara tatu kwa kampuni tatu. Sasa ukiuliza njia unaambiwa kata kushoto kwenye nyumba ya soda. Babu yangu mkuu aliyelijenga duka hilo hatajwi tena.

Na iko chokaa ya mgeni rasmi. Nani kati yetu hajaichota? Mwenge unapita, au waziri anakuja kufungua choo cha shule, na wiki nzima masomo yanasimama tunapaka mawe. Mawe ya kuzunguka bustani, mawe ya njia, mashina ya miembe mpaka kiunoni. Darasa linavuja, dawati moja watoto wanne, lakini jiwe linang'aa. Wahubiri hupenda kumfananisha mnafiki na kaburi jeupe na mimi hukumbuka mawe yale kila ninapowasikia. Kosa halikuwa la chokaa. Ilipakwa kwa ajili ya mtu mmoja atakayepita mara moja ndani ya gari lenye vioo vya giza.

Kinyume chake nilikiona miaka michache iliyopita, kando ya barabara inayoingia mji mmoja wa pwani. Nyumba zilizokuwa karibu na lami zilikuwa zimechorwa X nyekundu, zibomolewe. Wengi walishaacha hata kufagia. Lakini mama mmoja alikuwa juu ya kigoda, kitambaa kimefungwa puani, anapaka. Ukuta wote alishaumaliza ila ile alama, ameizunguka kwa uangalifu kama mtu anayezunguka kidonda. Nikamwamkia, nikamuuliza kama kesi imefutwa.

"Ifutwe na nani, mwanangu? Watakuja tu."

"Sasa mbona unapaka?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anaoga.

"Shaabani hii," akasema.

*

Kwa hiyo tulipaka. Kundi la ukoo liliafikiana kwa shingo upande, mjomba akaandika kwamba atatazama tu. Siku mbili za kwanza zilikuwa za kukwangua, na hakuna anayekwambia kwamba kazi yote iko hapo. Tulitoa ile rangi kwa vyuma vya kukwangulia na kwa kucha, tukapiga brashi ya waya, tukakuta chini yake chokaa ya miaka, tabaka juu ya tabaka kama kurasa. Kwenye kipande kimoja karibu na dirisha la chumba cha kulia niliona tabaka la samawati hafifu. Mwaka huo Bibi alizidisha bluu, nakumbuka alivyojilaumu. Nyufa tuliziziba kwa chokaa na mchanga, tukajizuia kutumia saruji ingawa ilikuwa hapo hapo na ni rahisi, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko udongo na ukuta ukicheza kidogo kiraka kinatoka kizima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mtu anaijua. Kwamba ukiuziba kwa kitu kigumu kuliko ukuta utajenga pia, hilo lilitoka kwa mzee.

Mfereji wa bati uliokuwa ukimwaga maji yote kwenye kona moja tuliufunga upya kwa waya. Ulichukua nusu saa, na naamini umeisaidia nyumba kuliko yote mengine.

Mlango wa mvule tuliupiga msasa, tukaufuta vumbi na kuulisha mafuta ya mbao mara mbili. Vanishi hatukuitia, jua la Tanga linaikunja. Baraza tulilisugua kwa maji na mchanga. Dada akaleta makopo matupu ya rangi ile ile iliyotutia hasara, akayatoboa matako, akayajaza udongo na samadi, akapanda mrehani, mshubiri na kijiti cha asumini alichokiomba kwa jirani. Hatukununua mmea hata mmoja. Mtaani kwetu mmea unaombwa, na anayekupa atakuja kuukagua. Hilo ni jambo la kulizingatia kabla ya kuomba, maana mama wa nyumba ya tatu sasa anakuja kila Jumamosi kuitazama asumini yake na haondoki bila chai.

Halafu chokaa. Unaulowesha ukuta kwanza, kwa ndoo na brashi, mpaka unakuwa mweusi wa maji lakini hautiririki. Chokaa yenyewe iwe nyepesi kama maziwa ya dukani, siyo kama mtindi. Mtu wa pupa huipiga nzito ili amalize kwa mkono mmoja, na ikikauka inapasuka kama tope la bwawa. Unapaka asubuhi na mapema au jioni, upande wenye kivuli, unakwenda kulia na kushoto kisha juu na chini. Unasubiri siku moja. Unalowesha tena. Mkono wa pili. Siku moja. Mkono wa tatu.

Kitukuu cha Bibi, binti wa miaka sita, alidai brashi. Tukampa ile shubiri mbili ya chini.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa itaanza kufifia. Mvua ya kusi itaipiga upande mmoja, kuku watajikwaruza, mtu atakayekaa barazani na shati jeusi atainuka na mgongo mweupe. Mjomba analitaja hilo kila tukizungumza: marumaru unaweka mara moja umesahau. Namwelewa. Tumechoka wote na kila mtu anataka kitu kimoja maishani akifanye mara moja akisahau. Ila nyumba zilizovikwa marumaru mtaani kwetu nimezitazama vizuri. Zinang'aa mwezi wa Rajabu kama zinavyong'aa mwezi wa Shaabani, na vile vile mwenyewe akiwa mgonjwa. Hazisemi kitu.

Mkono wa kwanza nilipaka mwenyewe, jioni, peke yangu, na nilipomaliza nilirudi nyuma mpaka katikati ya njia kuutazama. Moyo ukanianguka. Ukuta ulikuwa wa kijivu, umejaa mabaka, udongo unaonekana kila mahali, kana kwamba nimepaka maji ya kuoshea mchele. Nikachukua brashi nirudie. Mzee alikuwa barazani kwake, hakuinuka.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Nenda ukale."

Nawe ukijaribu, utaiona rangi hiyo ya kijivu na utataka kuongeza. Usiongeze. Chokaa ikiwa mbichi huonekana kama haipo, inaanza kuwa nyeupe inapokauka, na kwetu ilikuwa nyeupe kabisa kabla ya adhana ya alfajiri.